Sura ya Sita: Ukingo Una Wenyewe

Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya walipewa siku ya mapumziko ili wapande miti. Ofisi na shule zilifungwa, mawaziri wakatawanyika katika kaunti, na picha za waheshimiwa walioinama na mche mkononi zikaenea kila mahali. Lengo la taifa lilikuwa limetangazwa mwaka uliotangulia: miti bilioni 15 kufikia 2032. Mvua za vuli zilikuwa nyingi kupita kawaida msimu ule, kwa hiyo udongo ulichimbika bila jasho na mche ukasimama bila kushikiliwa.

Kwa watu wanaoshinda kando ya Mto Nairobi mwaka mzima, kazi ya siku ile ndiyo iliyokuwa rahisi. Wao huuliza habari za Februari. Vuli ikikatika kabla ya Krismasi, mche uliopandwa katikati ya Novemba huwa umepata wiki chache tu za kushika mizizi. Kisha linaingia jua la Januari, na mteremko wa ukingo hukauka upesi kuliko tambarare, hata kama maji yanapita hatua kumi chini yake. Nani atateremka na ndoo? Akichota mtoni, huenda akachota na mafuta ya gereji. Akinunua, mtungi wa lita 20 una bei yake, na bei hiyo inatoka kwenye pesa ya mboga ya jioni. Halafu kuna mbuzi. Mbuzi wa Nairobi amezoea kula katoni. Mche laini wa siala kwake ni karamu.

Sura hii inawahusu watu wa Februari.

Mto wenyewe si mrefu wala mpana. Unaanzia katika kinamasi cha Ondiri, kando ya mji wa Kikuyu, ambako nyasi zimefungamana juu ya maji hata mtu akikanyaga, ardhi yote inatikisika. Kutoka huko unapita Dagoretti na Kawangware, unakatiza Chiromo, unapita chini ya Museum Hill, na ukifika Barabara ya Kirinyaga umeshajikusanyia uchafu wa mitaa mingi na mafuta ya gereji. Gikomba inauongezea taka za soko. Kamukunji, Shauri Moyo, Kariobangi, Korogocho. Kisha Dandora, lilipo jaa kuu la taka la jiji tangu 1975, ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na malori hayakukoma kuingia. Mito ya Mathare na Ngong inaungana nao huko chini, yote inaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Chupa iliyotupwa Gikomba ina kila haki ya kutarajia kuiona Bahari ya Hindi.

Twende kwanza juu, Ondiri, kwa sababu huko kazi ya kurudisha uoto inaonekana bila pazia la taka. Tatizo la Ondiri halikuwa plastiki. Lilikuwa pampu na mikaratusi. Wakulima na wenye mabanda ya mboga na maua walivuta maji mchana na usiku, na pembezoni mwa kinamasi ilisimama mikaratusi iliyopandwa na wenye mashamba kwa nia njema kabisa ya kujipatia nguzo na kuni. Mnamo 2016 wakazi walianzisha kikundi, Friends of Ondiri Wetland, wakaanza kuongea na majirani zao mmoja mmoja: pampu zitolewe, mikaratusi ikatwe, na mahali pake pawekwe mianzi ya asili na miti ya kienyeji.

Mkaratusi unastahili maelezo kidogo, maana watu wa mjini huutukana bila kuujua. Uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili kulisha tanuri za garimoshi. Hukua upesi, hunyooka, ukikatwa unachipua tena, na kwa mzazi mwenye karo ya shule ni akiba ya benki iliyosimama shambani. Kasoro yake ni kiu. Mti unaokua kwa kasi ile hunywa kwa kasi ile ile, na ukiwekwa penye chemchemi hunywa chemchemi. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya vyanzo vya maji. Amri ilitoka; mashoka hayakutoka kila mahali. Kilichowasogeza watu wa Ondiri ni jirani aliyekuja kubisha mlango, akaketi, akanywa chai, na wiki iliyofuata akaja tena. Hilo waziri hawezi kulifanya hata akitaka.

Sasa, kuhusu nini king'olewe na nini kiachwe, wanaojitolea hawakubaliani, na mimi napenda wanavyobishana. Wapo wanaotaka kila kisicho cha hapa kiondoke. Wakifuatwa, Nairobi itapoteza mijakaranda yake yote, maana asili yake ni Amerika ya Kusini, na migrivelia yake pia, iliyotoka Australia. Sidhani kuna Mnairobi atakayekubali. Barabara za mjini na zibaki na mijakaranda yake. Ukingo wa mto una kazi nyingine. Halafu kuna mimea inayodhaniwa kuwa magugu ya kigeni kumbe ni wenyeji. Mbarika, ule mmea wa majani mapana unaoota wa kwanza juu ya kila jaa la taka, ni mzaliwa wa pande hizi za Afrika. Mara ngapi vijana wenye ari wameufyeka kwa fahari, wakauacha mlantana uliokuwa kando yake kwa sababu una maua mazuri!

Mlantana ndio adui halisi, pamoja na alizeti pori ya Meksiko na, huko katika msitu wa Karura, kichaka chenye maua ya rangi ya chungwa kiitwacho cestrum. Hufunika ardhi, huzuia mwanga, na mbegu za miti ya kienyeji zilizolala chini hazipati nafasi. Lakini ukiufyeka wote kwa siku moja, wiki moja kabla ya masika, umeuvua ukingo nguo. Mvua ya kwanza itaondoka na udongo, na kilichobaki kitaota mlantana upya.

Somo hili lilipatikana mbali na hapa. Katika miaka ya 1960 jijini Sydney, dada wawili, Joan na Eileen Bradley, walikuwa wakitembea kila siku katika msitu mdogo wa kando ya bandari na kung'oa magugu ya kigeni kwa mkono, kidogo kidogo. Waligundua kwamba mahali walipogusa polepole palipona, na mahali ambapo wafanyakazi wa manispaa walifyeka kwa nguvu magugu yalirudi maradufu. Wakaweka kanuni ambazo wanaojitolea wa Australia wanazifuata mpaka leo: anza palipo pazima, elekea palipoharibika, usiuchokoze udongo zaidi ya inavyolazimu, na usiende mbio kuliko mimea ya asili inavyoweza kurudi yenyewe.

Karura inaweza kufanya hivyo. Msitu ule, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1998 na 1999 dhidi ya wanyakuzi wa ardhi, bado una mbegu zake ardhini na ndege wake mitini. Wanachama wa Friends of Karura Forest na wafanyakazi wa Huduma ya Misitu wanapoondoa cestrum na kukata mikaratusi ya zamani, kazi ya kupanda inafanywa pia na hondohondo na popo, ambao hula tini za mkuyu upande huu na kuziacha mbegu upande ule. Vijito vinavyopita humo hutoka vimepata kivuli.

Korogocho haina pa kuanzia palipo pazima. Vijana wa kule wanaanzia katikati ya uharibifu kwa sababu ndipo wanapoishi, na kanuni ya akina Bradley inabidi isomwe kichwa chini miguu juu. Hakuna mti mama wa kudondosha mbegu. Hakuna hata udongo. Ukichimba shimo la mche kwenye ukingo wa Mto Nairobi pale Kariobangi au Korogocho, jembe linatoka na mifuko ya plastiki, nywele bandia, vitambaa vya mitumba, soli za viatu, tabaka juu ya tabaka, takataka za miaka na miaka zilizoshindiliwa na mafuriko hadi zikawa mithili ya ardhi. Mti ukipandwa humo hukua mwaka mmoja, miwili, kisha upepo mmoja unaulaza, kwa kuwa mizizi ilishika mifuko. Kwa hiyo kabla ya mche kuna miezi ya reki, mikokoteni na magunia. Kikundi cha Komb Green Solutions, kilichoanzishwa Korogocho mwaka 2017 na vijana ambao baadhi yao walikuwa wameacha uhalifu, kilipata bustani yake ya kando ya mto kwa njia hiyo: taka zitoke kwanza, udongo uletwe, ndipo mti uulizwe kama uko tayari.

Na miti ipi? Hapa wenyeji wa kazi hii wanajua mambo ambayo hayamo kwenye hotuba. Ndani ya maji, penye mkondo mpole, panafaa mafunjo na matete: hupunguza kasi ya maji, hunasa tope, na mafunjo hufyonza naitrojeni na fosforasi ambayo majitaka yamejaa. Penye mstari wa maji panakaa mkuyu na mzambarau mwitu, miti isiyoogopa kulowa miguu. Mizizi ya mkuyu hutambaa mbali na kuufumbata ukingo. Sijaona gabioni ya mhandisi yeyote inayojirekebisha yenyewe ikipasuka, lakini mkuyu hufanya hivyo. Juu kidogo, kwenye mteremko, inakuja siala, ambayo Waluhya huita lusiola, na muhuti wenye maua mekundu, ambao ukikata tawi nene na kulisimika wakati wa mvua linaweza kuchipua. Kwa kikundi kisicho na pesa ya miche, muhuti ni zawadi. Juu kabisa, ambako maji hayafiki, kuna nafasi ya mukinduri, muthiga, muiri na mtarakwa.

Orodha hiyo inaonekana nyepesi mpaka uingie kitaluni. Mbegu za mukinduri hazisumbui sana. Za muthiga na muiri haziwekeki. Zikikaa kidogo zinapoteza uwezo wa kuota, kwa hiyo lazima mtu awepo chini ya mti zinapoiva na azipande zingali mbichi. Mbegu za mkuyu ni ndogo kama vumbi, na wengi huona ni heri kukata vipandikizi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina kituo cha mbegu huko Muguga, na vikundi vyenye nauli na pesa kidogo hununua huko. Vingine huomba, au hutuma mwanachama City Park kuokota chini ya miti. Miche inalelewa katika pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, imepangwa chini ya kivuli cha magunia, na kila kitalu nilichokiona kina mtu mmoja, mara nyingi mama wa makamo, ambaye bila yeye hakuna kitu. Vijana wanabeba na kuchimba. Yeye ndiye anayejua ni mche upi umeanza kuinama, na ndiye anayemwambia mwenyekiti wa kikundi, bila kumung'unya maneno, kwamba mwanangu, leo hupandi, jua ni kali, rudi jioni.

Mgogoro mkubwa uko kwenye chakula. Mwambie mkazi wa Korogocho apande mzambarau mwitu mahali ambapo angeweza kupanda sukuma wiki, nduma au migomba, naye atakuuliza mzambarau utamlipa lini. Ni swali la haki. Bustani nyingi za kando ya mto zimelijibu kwa kuchanganya: miti ya kienyeji chini, mipapai na migomba juu. Wataalamu wa uoto hukunja uso. Mimi nisingekunja, isipokuwa kwa mboga za majani, na sababu yangu ni ripoti moja. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, jijini humu humu, lilichapisha uchunguzi uliofanywa kando ya jaa la Dandora. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokuwa kikihesabiwa kuwa hatari. Risasi hiyo iko kwenye udongo na mchanga wa mto. Sukuma wiki inayomwagiliwa maji ya mtoni chini ya Dandora inauzwa sokoni ikiwa kijani kibichi kama nyingine yoyote. Mti usioliwa, unaoshika udongo ule mahali pake ili usipeperuke wala kusombwa, unamfaa mtoto wa Dandora kuliko shamba la mboga. Ni hoja ngumu kuiuza kwa mtu mwenye njaa leo, na wanaojitolea wanaijua vizuri kuliko mimi, kwa kuwa wanaoulizwa ni wao.

Kuna swali jingine wanaloulizwa kila wanapoonekana na reki: mnalipwa na nani? Katika Nairobi mtu anayefanya kazi chafu bure hushukiwa. Labda kuna mfadhili amewapa pesa wakazificha. Labda wametumwa na mwanasiasa, au wanatengeneza kiwanja cha kuuza baadaye. Hofu hiyo haikuzuka hewani: ardhi nyingi ya umma jijini imekwenda hivyo hivyo, kwanza kwa usafi, kisha kwa uzio, kisha kwa hati.

Kazi hii ina kumbukumbu ndefu kuliko vikundi vya leo. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walitembea kwa maandamano hadi uwanja wa Kamukunji, kando ya Mto Nairobi, wakapanda miti saba kwa heshima ya mashujaa saba waliokwisha kufariki, kutoka jamii mbalimbali za Kenya. Hapo ndipo Green Belt Movement inapohesabu mwanzo wake. Katika kumbukumbu zake, Unbowed, zilizochapishwa 2006, Maathai anasimulia kwamba kati ya miti ile saba iliyosalia ni miwili. Mitano ilikufa.

Wengi husoma habari hiyo na kupita. Mimi nadhani ndiyo yenye maana zaidi katika historia ya vuguvugu zima. Umati ulikuwepo, viongozi walikuwepo, majina ya mashujaa yalitajwa, na bado mitano ikafa, kwa sababu kesho yake hakukuwa na mwenyewe pale uwanjani. Vuguvugu lililokuja baadaye lilikwenda vijijini, likawapa wanawake vitalu vyao wenyewe, na likaamua kuwapa malipo madogo kwa kila mche ulioishi, si kwa kila mche uliochomekwa ardhini. Mbinu iliyopanda mamilioni ya miti ilizaliwa, kwa namna fulani, katika ile mitano.

Mathare walipata jibu lao kwa njia nyingine, na sina hakika kama mtu yeyote angeibuni mezani. Mwaka 2017 kituo cha wanaharakati kiitwacho Mathare Social Justice Centre kilitoa ripoti kuhusu vijana waliouawa kwa risasi za polisi bila kufikishwa mahakamani. Kutoka katika harakati hizo likachipuka Mathare Green Movement, vijana wanaopanda miti mtaani, mingine ikiwa ukumbusho wa waliouawa. Mti unapewa jina la mtu. Mama yake anaujua. Wenzake wa maskani wanaujua. Kando ya Mto Mathare, ambako kwa miaka mingi kilichotambulisha ukingo kilikuwa moshi wa mapipa ya chang'aa, yakatokea maeneo yenye kivuli na mabenchi. Ukiuliza kwa nini mti ule haukuvunjwa na watoto wala haukuliwa na mbuzi, jibu ni kwamba huwezi kuacha mbuzi amle fulani.

Sheria, kwa upande wake, inasema ukingo ni wa wote. Katiba ya 2010 inaihesabu mito kuwa ardhi ya umma, na kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza kulima na kujenga katika kingo kwa upana wa kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande, kutegemea mto. Kati ya sita na thelathini ndipo ugomvi wote ulipo. Agosti 2018 matingatinga yalibomoa majengo makubwa ya maduka Westlands na kando ya Barabara ya Lang'ata yaliyosemekana kukalia kingo, na jiji likashangilia kuona kwamba hata tajiri anaguswa. Kisha ikaja masika ya 2024. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili Mto Mathare ulifurika ukaingia vibandani watu wamelala. Kote nchini zaidi ya watu 200 walikufa msimu ule. Mapema Mei Serikali iliamuru watu wahame kingo, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru wakati watu walikuwa bado wanatafuta ndugu zao na vyombo vyao kwenye tope. Tarehe 10 Mei ikawa siku nyingine ya mapumziko, ya kuwaombolezea waliokufa na, kwa mara nyingine, kupanda miti.

Hapa wanaojitolea wamebanwa pabaya. Wengi wao wanaishi ndani ya mita 30 wanazozipanda. Hoja yao kwa majirani ilikuwa kwamba mto unahitaji nafasi, kwamba nyumba isijengwe hapa, kwamba mti usimame badala ya ukuta. Walikuwa sahihi, na mafuriko yalithibitisha. Lakini hoja ile ile ndiyo iliyotumiwa kubomoa nyumba zao kwa ilani ya saa 24. Nimesikia wakisemwa kuwa waliwafungulia njia wabomoaji. Si haki. Ukingo wenye mikuyu na mafunjo unaweza kurudishwa hatua kwa hatua, familia zikipata pa kwenda, mwaka baada ya mwaka, kama wanavyofanya wao. Tingatinga halina kalenda ya namna hiyo, na baada yake hupita miezi ardhi ikiwa uchi, na uchi huo huota mlantana.

Serikali imekuwa ikija na kuondoka mtoni kwa muda mrefu. Umoja wa Mataifa na wenzake walianzisha mpango wa bonde la Mto Nairobi mwaka 1999. Michuki alianza kusafisha kipande cha kati ya Museum Hill na mzunguko wa Globe mwaka 2008. Kilipendeza, yeye akafariki Februari 2012, kikachakaa, kikakarabatiwa tena mwaka 2020 na kupewa jina lake. Mwaka huo huo wa korona ulikuja mpango wa Kazi Mtaani, uliolipa vijana kwa siku kusafisha mitaa na mito. Mwishoni mwa 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi, 2024 ukaja mpango mwingine wa vijana wa kulipwa, Climate WorX, na 2025 ukazinduliwa mradi mkubwa wa kuurejesha mto. Bajeti kubwa zikija, ukingo hujaa watu wenye vesti za kung'aa. Zikikoma, kama Kazi Mtaani ilivyokoma, wanabaki wale wale wa mwanzo, isipokuwa sasa wamepungua, kwa kuwa kijana aliyeonja ujira wa siku hawezi kwa urahisi kurudi kwenye Jumamosi ya bure.

Simlaumu. Wanaosifia moyo wa kujitolea kwa kawaida wana mshahara unaoingia mwisho wa mwezi hata wakikaa nyumbani Jumamosi. Kwa kibarua wa mjengo, Jumamosi moja mtoni ni ujira wa siku moja uliopotea, na yeye ameipoteza miaka kadhaa mfululizo. Walipwe. Ila walipwe kwa kipimo kingine. Sasa hivi malipo ni kwa siku ya kazi, na ripoti zinahesabu miche iliyopandwa, kwa hiyo kila mtu, kuanzia waziri hadi kibarua, ana sababu ya kupanda na hakuna mwenye sababu ya kumwagilia. Kikundi kilipwe kidogo mche ukiingia ardhini, kilipwe tena mche ukiwa hai baada ya Februari ya kwanza, na kilipwe zaidi ukiwa hai baada ya ile ya pili. Apewe pia yule mama wa kitalu bei ya maana kwa muthiga na mkuyu wake, badala ya miche kununuliwa kwa malori kutoka mbali na kufika imeshanyauka. Na kila kikundi kipewe barua yenye mipaka ya kipande chake na miaka yake, ili asiyejulikana akija na uzio wawe na karatasi ya kumwonyesha.

Nimewahi kulieleza wazo hili kwa mtu wa ofisini, akaniambia halitafanya kazi: vikundi vitadanganya. Mche ukifa Januari, wataung'oa usiku na kuweka mwingine wa kimo kile kile kabla mkaguzi hajafika. Inawezekana kabisa. Lakini mche wa miaka miwili wenye kimo kile kile hauokotwi njiani. Itabidi mtu awe ameulea kitaluni miaka yote miwili, aubebe mpaka mtoni, achimbe shimo na kuumwagilia ili usinyauke kabla ya mkaguzi. Mkaguzi akija, atakuta mti.